Nyumba ya Roshani na Mtaa wa Vivuli Viwili

Hapo zamani, si ile zamani ya majini na masultani, bali zamani ya karibu ambayo mama zetu bado huisimulia kwa kunyoosha kidole, palikuwa na mji ukiitwa Shangamu. Katikati ya mji palikuwa na mtaa mmoja wa maduka. Mtaa ulikuwa na jina lake kwenye kibao, lakini hakuna aliyelitumia. Watu walisema Madukani, na aliyeambiwa hivyo hakuuliza mara ya pili.

Nitaeleza kwanza mtaa wenyewe ulivyokaa. Asiyejua ulivyokaa hawezi kuhukumu, na mwishoni nitawaomba mhukumu.

Madukani ilinyooka kutoka kusini hadi kaskazini, kutoka msikitini hadi soko la zamani. Maduka yalikuwa safu mbili zinazotazamana, nyumba za mawe na chokaa, na mbele ya kila duka palikuwa na baraza ya kukalia. Asubuhi nyumba za mashariki zilikuwa zimeligeuzia jua mgongo, kwa hiyo mbele yao palikuwa na kivuli, na upande wa magharibi ulikuwa ukiungua. Ikipita adhuhuri mambo yaligeuka: kivuli kilihamia magharibi, mashariki ikaungua. Kila duka, basi, lilikuwa na nusu ya siku njema na nusu ya siku mbaya.

Watu wa Shangamu hawakugombana na jua. Walikuwa na desturi waliyoiita kuvushana. Kila mwenye duka alikuwa na mwenzi wa ng'ambo, yaani yule wanayetazamana mlango kwa mlango. Asubuhi mtu wa magharibi alivusha bidhaa zake akazipanga barazani kwa mwenziwe wa mashariki, wakauza pamoja kivulini. Baada ya sala ya adhuhuri mtaa mzima ulivuka: masinia ya halua, majora ya vitambaa, vikapu vya ndimu, mizani, viti, paka wa madukani nyuma ya viti, na wateja nyuma ya paka. Kwa kitambo kidogo hukuweza kupita. Kisha kila kitu kikatulia upande wa pili, na aliyekuwa mwenyeji akawa mgeni.

Mwenzi wa ng'ambo hakuchaguliwa. Ulimkuta, kama unavyomkuta ndugu. Ukifiwa, yeye ndiye aliyekuuzia mpaka matanga yaishe. Mkikosana, mlipatanishwa kabla ya adhuhuri, maana adhuhuri ikifika lazima mmoja wenu avuke.

Kichwani mwa mtaa, upande wa mashariki, palikuwa na nyumba nzuri kuliko zote, yenye roshani ya mbao iliyochongwa na makopo ya asumini juu yake. Iliitwa Nyumba ya Roshani, na mwenyewe alikuwa Bwana Mselemu. Juu alikaa yeye. Chini palikuwa na duka la mpangaji wake, Bi Mize, muuza ubani, udi na viungo, na nyuma ya duka chumba chake cha kulala. Mwenzi wa ng'ambo wa Bi Mize alikuwa Mzee Tindwa, mhunzi wa bati, aliyetengeneza ndoo na makarai na vibatari. Asubuhi bati na ubani vilikaa baraza moja upande huu, alasiri vikakaa baraza moja upande ule. Watu walisema ndoo za Tindwa ndizo pekee duniani zinazonukia iliki.

Mzee Tindwa akafa. Duka likashikwa na mwanawe, Mbaruku.

Kisha ikaja barabara ya lami, nayo haikuingia mjini. Ilipita juu, nje ya mji, na stendi ya mabasi ikaifuata. Mbaruku akaona wateja wake wanapanda huko. Akafunga mlango wa baba yake, akahamia lamini. Alikuwa wa kwanza. Baada yake akaondoka muuza halua, akaondoka fundi saa, akaondoka muuza majora. Na kila aliyeondoka aliondoka na mwenziwe, kwa sababu aliyebaki peke yake aliona haya kwenda kukaa mbele ya mlango uliofungwa, na jua la nusu siku likamshinda. Mapaa yakaanza kuvuja. Mitaro ikaziba. Popo wakaingia vyumba vya juu.

Bwana Mselemu hakuwa na mtoto. Alipougua aliwaita majirani waliosalia, na pamoja nao Mwalimu Chande, mwalimu mstaafu, akamfanya mwangalizi wa nyumba. Akasema mbele yao, kila mtu akisikia: "Nyumba hii ni ya mtu atakayeirudishia Madukani watu wake. Mtu mmoja. Akae humo yeye na jamaa zake. Asiiuze, asiigawe, asiipangishe. Mpaka apatikane huyo, Bi Mize asisumbuliwe." Baada ya siku chache naye akafa.

Sasa sikilizeni walivyofanya watu watatu.

Wa kwanza ni Bi Mize. Yeye hakuondoka. Kila asubuhi alifagia mbele ya duka lake, kisha akavuka akafagia mbele ya duka la Tindwa. Kila baada ya adhuhuri alijitwika sinia lake la ubani, akavuka, akaketi kwenye baraza ya mwenziwe mbele ya mlango wenye kufuli. Hapakuwa na wa kumvusha wala wa kumpokea. Alikaa mpaka jioni, akarudi. Wapita njia wachache walimtania.

"Bi Mize, leo popo wamenunua nini?"

"Popo wana adabu kukushinda wewe," alikuwa akijibu. "Wao hunisalimia kwanza."

Ndivyo alivyoishi. Aliingia uzeeni pale, nywele zikaota mvi, na mtaa mzima ukanyamaza isipokuwa ufagio wake.

Wa pili ni Raya binti Kassim. Raya alizaliwa Madukani. Babu yake ndiye yule muuza majora. Alihamishwa akiwa mtoto mdogo, akasoma, akajifunza upangaji wa miji, akapata kazi katika ofisi ya mipango. Siku moja likaletwa mezani wazo la kuibomoa Madukani yote pajengwe maghala. Wenzake wote walikubali. Raya akakataa. Akazunguka kwa wakubwa mmoja baada ya mwingine mpaka wakawa wakisikia viatu vyake kwenye korido wanajifanya wana simu. Mwisho wakachoka kumkatalia, wakamwachia mtaa autengeneze.

Akautengeneza. Mapaa yakaezekwa, mitaro ikafunguliwa, kuta zikapakwa chokaa badala ya rangi ya mafuta, njia ikasakafiwa kwa mawe, taa zikawekwa. Fundi aliyeweka bawaba ya chuma kwenye mlango uliokuwa na bawaba ya shaba alirudishwa akaitoe. Wenye maduka wakaanza kurejea. Si wale wazee, wengi walikuwa wamekufa, bali watoto wao, waliolelewa lamini.

Na Raya hakufanya kwa kiburi. Kabla ya kusakafia njia aliwaita wote palepale mtaani, akawauliza wanataka nini. Wakataka mambo mawili: bodaboda zisipite mbio katikati yao, na maua yarudi kama enzi za Bwana Mselemu. Raya akafikiri, akaja na jibu moja la mambo yote mawili: kiukuta cha kufika kiunoni katikati ya njia, kikianzia ukutani mwa msikiti kichwani mwa mtaa hadi sokoni, ndani yake udongo, na ndani ya udongo asumini na mawaridi. Wakapiga makofi. Raya akamgeukia Bi Mize aliyeketi mbele kabisa, akamwambia, bibi, wewe ndiye ambaye hukuondoka, una neno?

Bi Mize akautazama mchoro, kisha akawatazama watu.

"Sina neno, mwanangu. Jengeni."

Kikajengwa. Siku ya ufunguzi palichezwa ngoma, pakaliwa biriani, na watu wakaja kutoka kila upande. Maua yalinukia. Kisha siku ya ufunguzi ikapita, zikaanza siku za kawaida, na siku za kawaida zina jua.

Asubuhi upande wa magharibi ulikaa wazi bila mteja, samli ikiyeyuka kwenye makopo. Alasiri upande wa mashariki ulikaa vivyo hivyo. Watoto wa lamini hawakujua habari ya kuvushana, na hata mmoja wao angejua, ukuta ulikuwa katikati. Wakaanza kuoneana wivu. Wa magharibi wakawaita wenzao, waliofunga alasiri kwa jua, "walala mapema", wa mashariki wakajibu, "Afadhali sisi, kuliko nyinyi waoka mikate bila tanuri." Mteja aliyetaka kitu kila upande ilimbidi ateremke mpaka mwisho wa ukuta na kupanda tena, kwa hiyo hakuja. Duka moja likafungwa, kisha la pili.

Wa tatu ni Mbaruku. Aliposikia mtaa umetengenezwa alirudi, karibu awe wa mwisho kama alivyokuwa wa kwanza kuondoka. Alifungua mlango wa baba yake, akaning'iniza ndoo. Alasiri ile alikuwa ameketi kivulini, akaona ng'ambo ya maua Bi Mize anajitwika sinia. Akamwona anateremka juani na ukuta mpaka sokoni, anauzunguka, anapanda tena, mdogo mdogo. Akafika. Akalitua sinia kwenye baraza ya Tindwa.

"Hodi, mwenzi wa ng'ambo," alisema.

Mbaruku akasimama. Alisogeza ndoo zake, akampisha.

Kesho yake Bi Mize akaja hivyo hivyo, na siku iliyofuata. Mbaruku alimwambia abaki dukani mwake, yeye atampelekea wateja, na Bi Mize akamcheka, akamuuliza tangu lini mgeni akaletewa baraza nyumbani. Halafu siku moja, kwenye kona ya sokoni, mguu ukamteleza. Sinia likaanguka. Ubani ukatawanyika juu ya yale mawe mapya, na Bi Mize akaketi chini akawa anaokota punje moja moja.

Mbaruku akaingia ndani akatoka na nyundo kubwa ya baba yake. Akauvunja ukuta pale ulipotazamana na mlango wake. Wenye maduka wakatoka wakipiga kelele kwamba anaua maua. Alifagia kifusi kwa mikono, akamfuata Bi Mize, akamtwalia sinia, akasimama kwenye lile pengo.

"Pita, mama."

Alipokwisha kumvusha alirudi kwenye nyundo. Akavunja mbele ya mlango unaofuata, na unaofuata, pengo kwa kila milango miwili inayotazamana, mpaka mgambo walipokuja wakamchukua.

Raya aliitwa. Alifika akakuta vifusi na mawaridi chini, na kwa kweli alilia, kwa sababu kila jiwe la ukuta ule alilipitisha yeye. Lakini alipoinua macho aliona jambo. Mama mmoja mzee, binti wa yule fundi saa, aliyekumbuka kuvushana kwa utotoni mwake, alikuwa akiwaelekeza vijana wa upande wa mashariki: beba hiki, pitisha pale, huyo ndiye mwenzio, mpe mkono. Na vijana walikuwa wanavuka.

Mkubwa wake akauliza nani aliruhusu. Sheria ilikuwa wazi, aliyevunja mali ya mji bila ruhusa atafungwa. Raya akasema, "Mimi ndiye niliyemwagiza." Haikuwa kweli. Mkubwa alijua si kweli, Mbaruku alijua si kweli, lakini neno limeshasemwa. Mbaruku akaachiwa. Raya akafukuzwa kazi, na pamoja na kazi ikaenda nyumba ya ofisi aliyokuwa akikaa na mama yake mgonjwa. Kabla hajakabidhi ofisi aliwaleta mafundi wakayachonga yale mapengo yakawa vivuko safi, maua yakabaki katikati ya kivuko na kivuko, na bodaboda zikashindwa kupita mbio kama watu walivyotaka.

Watu wakarudi Madukani. Wakarudi hata wa lamini, wengine walikuja kutazama tu mtaa unavyovuka baada ya sala, wakaondoka na kitu mkononi. Waliozaliwa pale walisimama pembeni, wakasema ndivyo ilivyokuwa, ndivyo hasa, wakatafuta leso.

Ndipo Mwalimu Chande akatoka na ufunguo wa Nyumba ya Roshani. Akawakusanya watu asubuhi, upande wa mashariki kivulini, akawakumbusha wosia, akawaita wale watatu wajieleze.

Bi Mize akasema: "Kama si mimi, mngerudi wapi? Mtaa usio na mtu hauitwi mtaa, huitwa magofu, na magofu hubomolewa. Nilifagia huku, nikafagia kule. Nilivuka kila siku peke yangu, mkinicheka, ili kuvuka kusisahauliwe. Mbaruku aliona nini alasiri ile? Aliniona mimi. Nyumba hii nimeizeekea. Akipewa mwingine nitatoka, maana wosia umesema isipangishwe, na mimi siwezi kuwa mgeni wa hisani katika chumba changu mwenyewe. Nikitoka sina pa kwenda."

Raya akasema: "Kama si mimi, Bi Mize angefagia nini? Leo hapa pangekuwa na maghala. Paa lililo juu ya kichwa chake nimelirudisha mimi. Ukuta niliujenga mimi, sikatai, lakini niliuliza kwanza. Nilimuuliza yeye, kwa jina, mbele yenu. Ulipovunjwa lawama niliibeba mimi, na ilinigharimu kazi na nyumba. Mama yangu sasa analala sebuleni kwa watu."

Mbaruku akasema: "Kama si mimi, mtaa ungekuwa picha nzuri ya ukutani. Mmoja alikaa, mwingine akajenga, na watu hawakuja. Watu walikuja baada ya nyundo. Wosia haukusema aliyeipenda Madukani, wala aliyeipamba. Ulisema atakayeirudishia watu wake. Mimi nina mke na watoto huko lamini, na vyumba vya juu vya nyumba ya baba havikaliki, sakafu zimeoza. Nataka walale katika mtaa huu alimolala babu yao."

Hapo wakageukiana.

"Wewe?" Bi Mize akamwambia. "Mlango wa kwanza kufungwa Madukani ulikuwa wa nani, mtoto wa Tindwa? Umezima moto uliouwasha, sasa unataka zawadi ya kuzima."

"Kweli, mama, niliuwasha," Mbaruku akajibu. "Lakini ulipowaka, wewe ulikuwa na maji ukakaa nayo. Ulijua ukuta utakata mtaa. Ukasema jengeni."

Bi Mize akachezea ncha ya mtandio wake.

"Nilidhani mnajua," alisema. "Nani husahau njia ya kuvukia kwao?" Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Na mlikuwa mmenicheka miaka mingi. Nikasema, acha nao waone."

Raya akamwambia Mbaruku kwamba yeye angalau alipokosea alilipa. Mbaruku akamwambia kwamba alilipa kwa uongo, na uongo huo sasa ndio unaosema vivuko ni amri yake na si kazi ya nyundo ya mhunzi. Raya akamuuliza kama angependa ausahihishe mbele ya mgambo. Watu wakacheka, Mbaruku naye akacheka, lakini hakuna aliyeondoa neno lake.

Mmoja akapendekeza wagawane. Mwalimu Chande akatikisa kichwa: mtu mmoja, ndivyo marehemu alivyosema. Mwingine akasema apewe Bi Mize kwa uzee wake. Binti wa fundi saa akamjibu kwamba wosia haukutaja uzee, wala haukutaja mama mgonjwa, wala watoto. Umetaja kazi moja tu. Na kazi hiyo, kila ukimtoa mmoja inaanguka. Mtoe Bi Mize, hakuna wa kumkumbusha mtu kuvuka. Mtoe Raya, hakuna mtaa wa kuvuka. Mtoe Mbaruku, mtaa upo na kumbukumbu ipo, na ukuta uko katikati.

Mwalimu Chande akautazama ufunguo, akawatazama wale watatu. Akasema yeye amefundisha hesabu maisha yake yote, na hajawahi kupata hesabu ambayo kila jibu ni sahihi na kila jibu linamtoa mtu nje.

Ndani ya duka, Bi Mize alikuwa ameshakunja jamvi lake na kulisimamisha ukutani. Raya alikuwa amemleta mama yake, amemkalisha kwenye baraza, na mama hakujua kama amekuja kukaa au kupumzika. Mke wa Mbaruku alikuwa amesimama ng'ambo na watoto, akingoja aitwe avuke au arudi.

Mimi nimeishia hapo, kwa sababu kila nikimpa mmoja ufunguo, usingizi hunipaa. Ninyi mmesikia yote, sikuwaficha la yeyote kati yao. Ufunguo ni mmoja. Je, kati ya aliyebaki, aliyejenga na aliyevunja, nani alistahili Nyumba ya Roshani? Na ukishamtaja, wewe mwenyewe utakwenda kuwaambia nini wale wawili?